Breki za Gari la Kasi: Mafuta na Pedi Kwanza, Kalipa Baadaye

Kabla hujaagiza kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) za pistoni sita, kuna jaribio moja lisilo na gharama. Barabara iwe tupu, imenyooka na kavu, na nyuma yako kusiwe na gari. Breki zikiwa bado za baridi, fika kilomita 100 kwa saa, kisha kanyaga pedali kwa nguvu zote. Ukisikia ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga) inapigapiga chini ya mguu, ujue breki ulizonazo tayari zinazizidi tairi. Kutoka hapo kinacholisimamisha gari ni mpira unaogusana na lami, na hakuna kalipa itakayofupisha umbali ule hata kwa mita moja. Tairi nzuri zitaufupisha.

Mambo hubadilika ukikanyaga mara ya nane au ya kumi mfululizo, tena ukitokea kilomita 200. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, na nishati ya mwendo hupanda kwa mraba wa kasi. Gari la kilo 1,500 likienda 100 linabeba kilojuli 580 hivi. Likienda 200 linabeba mara nne ya hizo, kama 2,300. Ukishusha kutoka 200 hadi 80 ili uingie kona, umetupa karibu kilojuli 1,950 ndani ya sekunde nne hivi, na breki za mbele zimebeba kama asilimia 70 ya mzigo huo. Chukua diski mbili za mbele, kila moja kilo 9 za chuma cha kusubu. Kwa mkanyago huo mmoja zinapanda joto kwa nyuzi 160 hivi (nyuzi zote humu ni za Selsiasi). Diski zikiwa za kilo 12, zinapanda 120. Halafu zinapoa kidogo kwenye mnyooko, na kabla hazijapoa sawasawa kona nyingine imefika.

Kwa hiyo kuboresha breki za gari la kasi ni kushughulikia joto: linaingia wapi, linatokaje, na ni kifaa gani kinachosalimu amri mapema kuliko vingine. Ukikijua kifaa hicho, unabadilisha hicho. Usipokijua, utanunua kila kitu na bado utarudi na tatizo lile lile.

Pedali inaonyesha kilichoshindwa

Pedali ikizama, ikawa laini kama ya sponji, na ukiipampu mara mbili tatu inarudi juu, mafuta ya breki yamechemka. Mafuta hayabanwi ila mvuke unabanwa, kwa hiyo nguvu ya mguu wako inaishia kubana mapovu badala ya kusukuma pistoni. Hali hii wakati mwingine hutokea gari likiwa limeshasimama. Dereva anaingia kuegesha moja kwa moja kutoka kwenye raundi kali, hewa haipiti tena kwenye diski, joto lote linahamia kwenye kalipa, na mafuta yanachemka gari likiwa limezimwa. Anayeliwasha baada ya dakika kumi anakuta pedali iko sakafuni.

Pedali ikibaki juu na ngumu lakini gari linaendelea kwenda kana kwamba umekanyaga ubao, pedi zimevuka joto lake. Gundi inayoshika mchanganyiko wa pedi inaanza kutoa gesi na msuguano unaanguka. Mafuta hayana kosa hapo, na kuyabadilisha hakutakusaidia. Usichanganye hali hiyo na pedali iliyo ngumu tangu asubuhi breki zikiwa baridi, maana hiyo ni ya busta, kifaa kinachoongezea mguu nguvu. Zima injini, pampu pedali mara tano au sita mpaka iwe ngumu, ishikilie na uwashe injini. Isiposhuka kidogo chini ya mguu, kagua paipu ya vakyumu na vali yake ya njia moja kabla ya kugusa kingine chochote.

Usukani ukitetemeka ukikanyaga breki kwenye kasi, watu husema diski imepinda. Mara nyingi haijapinda. Kilichotokea ni mabaki ya pedi kuganda juu ya diski bila usawa, mahali yamenenepa na mahali yamekonda, na tofauti ya unene ya maikroni (sehemu za elfu za milimita) 15 hadi 20 tu inatosha kuupiga usukani. Ukiacha hivyo, sehemu zilizonenepa hupata joto zaidi kuliko nyingine, na chuma chake kikifika karibu nyuzi 700 kinageuka kuwa kigumu kupita kiasi. Utaona madoa ya bluu au meusi yasiyofutika. Diski ikifika hapo hata kuichonga kwenye leizi (mashine ya kukerezea) hakusaidii sana, kwa sababu sehemu ngumu zimezama ndani.

Kuna moja ambayo hupotosha hata mafundi wazuri. Ukitoka kwenye kona kali au ukipanda ukingo wa barabara, mkanyago wa kwanza ni mrefu mno, wa pili ni wa kawaida. Mapovu hayafanyi hivyo. Habu (kitovu cha gurudumu) inayumba, diski inazisukuma pistoni ndani, na mkanyago wa kwanza unatumika kuzirudisha. Nyanyua gurudumu, lishike juu na chini, litikise. Beringi yenye mchezo haitibiki kwa kalipa mpya, na kalipa zisizoteleza (zenye pistoni pande zote mbili za diski) huidhihirisha zaidi kuliko zile za kuteleza.

Mafuta

Hapa ndipo pa kuanzia, na ndipo fedha kidogo inaponunua usalama mwingi. Mafuta ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 yananyonya unyevu polepole kupitia hozi za mpira na kifuniko cha kopo. Kila aina ina viwango viwili vya chini vya kuchemka: kikavu, yaani yakiwa mapya, na kilowevu, yaani yakiwa yameshanyonya maji kama asilimia 3.7. DOT 3 ni 205 na 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta ya mashindano huvuka 300 yakiwa mapya.

Wauzaji huandika namba kavu kwa herufi kubwa. Kwa gari linalobadilishwa mafuta kila baada ya miaka miwili, namba yenye maana ni ile ya pili. Yapo mafuta ya mashindano ambayo yakishalowa yanashuka karibu na 200, na yapo machache, kama Castrol SRF, yanayobaki 270. Ya kwanza yanafaa ukiyabadilisha mara kwa mara, kila siku mbili tatu za uwanjani, yaani kwenye uwanja wa mbio za magari. Ya pili ni ghali lakini yanavumilia uvivu.

DOT 5 bila hiyo .1 ni ya silikoni. Haichanganyiki na hizo nyingine na haifai kwenye mfumo wenye ABS. Mtu akikuambia tano ni tano tu, chukua ufunguo wako uondoke.

Kusafisha mfumo mzima kunahitaji lita moja ya mafuta kutoka kwenye chupa mpya ambayo haijafunguliwa. Chupa iliyokaa rafuni nusu wazi tangu mwaka jana ni ya kutupa. Na yakidondokea bodi, mwaga maji mengi hapo hapo, kwa sababu yanakula rangi.

Pedi, na kuzizoesha

Pedi za barabarani zina msuguano (nguvu ya kushika ikigawanywa kwa nguvu ya kubana) wa 0.35 hadi 0.45 na nyingi huanza kulegea zikivuka nyuzi 350 au 400. Pedi za mashindano kamili hufika 0.5 au 0.6 na zinastahimili 700, ila baridi hazishiki. Zinataka nyuzi 150 au 200 kwanza. Pedi ya namna hiyo kwenye gari la kwenda kazini ni hatari ya kweli: asubuhi ya mvua, mkanyago wa kwanza kwenye taa nyekundu hautakupa ulichozoea. Isitoshe inapiga kelele, inakula diski, na vumbi lake likilowa linaganda kwenye rimu kama kutu. Kwa gari linalotumika barabarani na kwenda uwanjani mara chache, chagua pedi ya kati, ile inayoshika tangu baridi na kufika 500 hivi. Mwenye kwenda uwanjani kila mwezi aweke seti mbili na abadilishe usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Usiweke nyuma pedi yenye msuguano mkubwa kuliko ya mbele. Gari la kilo 1,500 lenye kitovu cha uzito nusu mita juu ya ardhi na urefu wa mita 2.6 kati ya ekseli, likipiga breki kwa nguvu sawa na uzito wake, linahamisha kama kilo 290 kwenda mbele. Kama mbele palikuwa na asilimia 55 ya uzito, sasa pana 74. Tairi za nyuma zimebaki na robo tu ya kazi, na pedi kali pale inazifunga mapema. ABS itajitahidi, lakini ukiwa umeshaanza kukata kona mkia utatangulia.

Pedi mpya zisizozoeshwa ndiyo chanzo cha malalamiko mengi kuhusu pedi nzuri. Zoezi hili lina mambo mawili: kuchoma gesi iliyobaki kwenye gundi ya pedi, na kupaka juu ya diski utando mwembamba, sawia, wa mchanganyiko wa pedi yenyewe. Msuguano mzuri hutokea kati ya pedi na utando huo, zaidi kuliko kati ya pedi na chuma kitupu.

Anza kwa mikanyago minne mitano ya upole kutoka 60 ili kupasha joto. Kisha kutoka 100 hadi 20, kwa nguvu lakini bila kuamsha ABS, mara nane hadi kumi, ukiongeza kasi mara moja baada ya kila mkanyago. Usisimame kabisa. Ukisimama pedi zikiwa moto na mguu bado uko kwenye pedali, pedi inaacha chapa yake palepale kwenye diski, na mtetemo uliokuwa unaukimbia umeshautengeneza. Utasikia harufu kali na pengine utaona moshi mdogo, na kwenye mkanyago wa sita au wa saba pedali itaonekana kupoteza nguvu kidogo kisha kurudi. Ni gesi inatoka, endelea. Ukimaliza, endesha dakika kumi au kumi na tano bila kugusa breki kadiri inavyowezekana, halafu egesha kwa gia, bila kuvuta breki ya mkono, mpaka zipoe kabisa. Diski iliyozoeshwa vizuri ina rangi ya kijivu inayoelekea bluu, moja, toka ukingo hadi ukingo. Ikiwa na mabaka, rudia.

Ukibadilisha aina ya pedi kwenye diski ile ile, futa kwanza utando wa zamani kwa msasa wa namba 120 au 150, ukisugua kwa mizunguko midogo pande zote mbili. Na kwa matumizi ya uwanjani, usingoje pedi iishe. Mchanganyiko ukibaki na unene sawa na bati lake la mgongoni, ibadilishe, maana pedi nyembamba hupitisha joto moja kwa moja hadi kwenye pistoni na mafuta.

Hewa

Magari mengi yanayopelekwa kwa fundi ili yafungwe diski kubwa yalikuwa yanahitaji hewa tu. Chukua hewa kwenye bampa, mahali penye shinikizo la mbele, ipitishe kwenye hozi ya silikoni inayohimili joto yenye kipenyo cha milimita 63 au 75, uielekeze katikati ya diski karibu na habu. Diski yenye mapezi ni feni: inavuta hewa katikati na kuitupa nje. Ukipuliza upande mmoja wa uso wake, upande huo unapoa na mwingine unabaki moto, na diski inajikunja kwa tofauti hiyo.

Bati la kuzuia vumbi nyuma ya diski lina kazi yake barabarani, kwani linazuia mawe na maji na kukinga mipira ya boli jointi (viungo vinavyozunguka vya sasipensheni) isichomwe. Ukilikata ili kufunga tundu la hozi, acha sehemu inayokinga mipira hiyo. Baada ya kufunga, geuza usukani hadi mwisho pande zote, gari likiwa chini na pia likiwa limening'inia. Hozi inayoguswa na tairi haitamaliza siku moja.

Hozi za breki

Hozi zenye tyubu ya teflon ndani na wavu wa chuma kisichoshika kutu nje hazivimbi kama za mpira, hivyo pedali inakuwa fupi na yenye kueleweka. Kwenye gari lenye hozi za mpira za miaka kumi na tano utaona tofauti, kwenye lenye hozi mpya kidogo sana. Chagua zenye kifuniko cha plastiki juu ya wavu, la sivyo wavu utakata chochote unachokisugua. Kila boliti ya banjo (ile yenye tundu ndani la kupitisha mafuta) inataka washa mbili mpya za shaba, moja kila upande wa jicho la hozi. Washa za zamani zimeshagandamizwa, na mafundi wanaozirudisha ndio wanaoitwa tena kuja kutazama mvujo.

Diski

Ukubwa wa diski unaleta mambo mawili, uzito wa chuma cha kubeba joto na mkono mrefu wa nguvu. Mashimo yanapendeza, lakini kwenye matumizi mazito kila shimo ni mwanzo wa ufa. Kwa gari la uwanjani chukua diski yenye mifereji. Mifereji inakwangua uso wa pedi na kutoa gesi bila kudhoofisha chuma sana. Nyufa ndogo kama unywele juu ya uso si ajabu. Ufa uliofika ukingo wa nje, au unaoshika ukucha ukiupitisha, unaimaliza diski hiyo siku ile ile.

Diski za vipande viwili zina kikombe cha alumini katikati na duara la chuma linaloachiwa nafasi ya kutanuka. Zinapunguza kilo moja hadi mbili na ushei kila gurudumu, na duara likipata moto linatanuka bila kujikunja kama sahani. Kelele ndogo za kugongana zikiwa baridi ni za kawaida.

Diski zenye mapezi yaliyopinda zina kulia na kushoto. Itazame ikiwa imefungwa: kwenye sehemu ya juu ya diski, ncha ya nje ya pezi inatakiwa ilale kuelekea nyuma ya gari. Mapezi ndiyo yanayoamua upande. Mifereji isikuchanganye, kwa sababu watengenezaji huichonga kila mmoja kwa mtazamo wake. Diski ikiwa kinyume haivuti hewa ipasavyo, na hutaligundua mpaka pedi ziungue upande mmoja.

Safisha uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka ung'ae, kwani chembe moja ya kutu iliyobanwa pale inatosha kuyumbisha diski. Funga diski kwa nati zote, weka geji ya saa (kipimo cha mshale kinachoonyesha kuyumba) sentimita moja kutoka ukingo, zungusha. Ikizidi milimita 0.05, hamisha diski tundu moja mbele upime tena kabla ya kulaumu diski.

Kalipa: hesabu kabla ya rangi

Kama umeshapitia yote hayo na bado diski zinavuka uwezo wake, au pedi zinaisha mapema mno, au unataka pedali yenye hisia ya moja kwa moja, basi kalipa ina nafasi. Idadi ya pistoni inauza, lakini kinachofanya kazi ni jumla ya eneo la pistoni za upande mmoja.

Tuseme gari lina kalipa ya kuteleza yenye pistoni moja ya milimita 57 na diski ya 300. Eneo la pistoni ni milimita za mraba 2,552. Kalipa ya pistoni nne yenye 38 na 42 kila upande inakupa 1,134 na 1,385, jumla 2,519, karibu sawa kabisa. Ukiiweka kwenye diski ya 330, nusu kipenyo cha kazi kinapanda kutoka kama 123 hadi 138, asilimia 12. Nguvu ya breki za mbele inaongezeka kwa kama asilimia 11 kwa mkanyago ule ule. Hilo linavumilika. Sasa chukua kalipa yenye 40 na 44: eneo ni 2,777, na kwa diski hiyo hiyo nguvu ya mbele inapanda kwa asilimia 22. Nyuma hakuna kilichobadilika. Tairi za mbele zitafunga mapema, ABS itaamka mapema, tairi za nyuma zitakuwa abiria, na umbali wa kusimama unaweza kuongezeka. Pedali nayo itakuwa ndefu kwa sababu kuna eneo zaidi la kujaza.

Wengine hutibu urefu huo wa pedali kwa masta silinda (pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali) kubwa. Kutoka kipenyo cha 23.8 hadi 25.4 eneo linapanda asilimia 14, pedali inafupika kwa asilimia 12 hivi na inataka mguu mzito zaidi kwa asilimia 14. Ni dawa halali pale tu kalipa zilipoongezeka eneo kwa makusudi. Kuiweka ili kuficha mapovu ni kujidanganya.

Muuzaji asiyeweza kukutajia vipenyo vya pistoni hajui anachouza. Za bandia zenye majina makubwa zipo tele, na zile za plastiki zinazobandikwa juu ya kalipa ya kawaida tusizitaje.

Pistoni zenye ukubwa tofauti zina mpangilio wake. Ndogo inakaa upande diski inapoingilia, kwa sababu pedi huliwa zaidi pale. Gari likienda mbele, kalipa iliyo nyuma ya ekseli inaingiliwa na diski kutokea chini, kwa hiyo pistoni ndogo iwe chini. Iliyo mbele ya ekseli, iwe juu. Nipeli za kutolea upepo lazima ziwe juu kila mara. Ukiziona chini, umebadilisha kulia na kushoto, na hata ukimwaga lita tano upepo hautatoka.

Kabla ya kulipa, omba mchoro wa kalipa kwa vipimo halisi, ukate kwenye boksi gumu na uujaribu ndani ya rimu. Acha angalau milimita 3 kati ya kalipa na mikono ya rimu, na usisahau vipande vya risasi vya kubalansi vilivyobandikwa ndani, kwani hivyo ndivyo vinavyogonga mara nyingi. Ukilazimika kuweka spesa (bati la kuisogeza rimu nje), boliti ndefu ni lazima: nati ya M12 inatakiwa ikamate nyuzi za boliti angalau milimita 12.

Kufunga na kutoa upepo

Gari likae juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi. Kalipa ya zamani isining'inie kwenye hozi yake, ifunge kwa waya kwenye springi. Breketi mpya zinafungwa kwa boliti za daraja la 10.9 zilizokuja nazo, kwa toki (nguvu ya kukaza) aliyoandika mtengenezaji. Boliti za kalipa kwa kawaida huangukia kati ya Nm 80 na 120, lakini kukisia hapa hakukubaliki. Kalipa ikishakaa, pima kwa geji ya bapa (vibati vyembamba vya kupimia) nafasi kati yake na diski pande zote mbili. Isipokuwa katikati, tumia shimu (washa nyembamba za kujazia nafasi) zilizomo kwenye seti.

Mfuatano wa kutoa upepo hutegemea gari, kwa hiyo fungua kitabu cha gari hilo. Wasipokuwa nacho, mafundi wengi huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kalipa yenye nipeli mbili inatolewa kwenye zote mbili, moja baada ya nyingine. Anayekanyaga na anayefungua wazungumze kwa sauti: "kanyaga", "nimeshika", fungua, funga, ndipo "achia". Nipeli ikiwa wazi mguu ukiachia, umeinywesha hewa upya. Kwenye masta silinda ya zamani weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike mwisho, maana sili zikipita sehemu yenye kutu ambayo hazijawahi kuifikia zinakatika. Kopo lisiishe mafuta hata mara moja. Likikauka, hewa inaingia kwenye kizio cha ABS, na hapo utahitaji mashine ya uchunguzi inayoweza kuzungusha pampu yake. Nipeli zinakazwa Nm 8 hadi 12 tu, na ukizidisha kwenye kalipa ya alumini utaharibu nyuzi zake.

Injini ikiwa inanguruma, kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie dakika moja huku mwenzako anapitisha kidole kavu kwenye kila kiungo. Pedali isizame hata kidogo. Kisha endesha polepole na ukanyage mara chache kabla ya kuanza kuzoesha pedi.

Kama gari linaenda uwanjani, paka rangi za joto kwenye ukingo wa diski. Ya kijani hubadilika 430, ya chungwa 560, nyekundu 610. Kwenye kalipa bandika stika za kipimo zinazofika 260. Kijani tu ikibadilika, una akiba kubwa. Nyekundu ikibadilika na stika ya kalipa imegota mwisho, rudi kwenye hewa na mafuta kabla ya kufikiria diski ya 355. Baada ya kipindi cha kwanza, breki zikiwa zimepoa, kaza tena nati za rimu kwa toki, chomoa pedi na upime unene wake kila pembe. Iliyoliwa zaidi upande mmoja inakwambia pistoni moja imekwama au kalipa haijakaa katikati, na ni heri kuirekebisha hapo hapo kabla ya kipindi cha pili.